Theluji ya Japani kwa Bajeti ya Kenya: Panga Pesa Zako Kabla ya Kupanda Ndege

Kila ikikaribia Desemba, simu zetu hujaa video za watu wakiteleza kwenye theluji nyeupe pe pe pe huko Japani. Na kila ikikaribia Desemba, wateja wetu hutuuliza swali lile lile: "Hii safari naweza kuilipia kwa simu?"

Jibu fupi ni kwamba sehemu kubwa unaweza, lakini si yote. Na ile sehemu ndogo ambayo simu haiwezi kulipia ndiyo humwacha mtu amesimama kituo cha basi mlimani, baridi inamkata, na pesa ziko kwenye akaunti lakini hazitoki. Kwa hivyo leo tunaongea kuhusu safari nzima kwa jicho la pesa: inagharimu ngapi, uweke akiba vipi, ulipe nini ukiwa hapa Kenya, na ubebe nini mfukoni ukifika.

Kwanza, kwa nini Japani?

Sababu ni hewa. Wakati wa baridi, upepo mkali hutoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani na kubeba unyevu mwingi, kisha unagonga milima na kuumwaga wote kama theluji. Ndiyo maana maeneo kama Niseko, kisiwani Hokkaido, hupata theluji laini na kavu kwa wingi ambao nchi nyingi zenye baridi zaidi hazipati.

Na Mkenya si mgeni kabisa huko. Mwaka 1998, Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilifanyika Nagano, na Philip Boit akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki hiyo. Alikimbia mbio za kilomita 10 za kuteleza nyikani katika eneo la Hakuba. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye utepe ili amkumbatie. Boit alikuwa ameanza kujifunza kuteleza miaka miwili tu kabla. Kwa hivyo usijipe presha kwamba hujawahi kuvaa skii. Waalimu wapo, na miteremko ya wanaoanza ipo kila mlima mkubwa.

Chagua mlima kulingana na mfuko

Usiende tu mahali ambapo umeona Instagram. Milima inatofautiana sana kwa bei na kwa njia ya kufika.

- Niseko (Hokkaido). Ndiyo maarufu zaidi kwa wageni. Kiingereza kinasikika kila kona, na bei zake ni za juu. Utahitaji ndege nyingine kutoka Tokyo hadi uwanja wa New Chitose, kisha basi la kama saa mbili na nusu hadi tatu.
- Hakuba (Nagano). Bonde lenye vituo kadhaa vya kuteleza. Unapanda treni ya kasi, shinkansen, kutoka Tokyo hadi Nagano, halafu basi la zaidi kidogo ya saa moja.
- Nozawa Onsen (Nagano). Kijiji cha zamani chenye bafu 13 za maji ya moto ya asili ambazo ziko wazi kwa umma. Hakuna tiketi, unatia sarafu kidogo kwenye sanduku la mchango. Kwa mtu wa bajeti, hiyo ni burudani ya kila jioni karibu bure.
- Gala Yuzawa (Niigata). Shinkansen inakushusha mlangoni kabisa mwa kituo cha kuteleza, kama dakika 80 hivi kutoka Tokyo. Unaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kama unataka tu kuonja theluji siku moja bila kulala mlimani, hapa ndipo pa kuanzia.

Wakati nao ni pesa. Januari na Februari theluji huwa bora kabisa, na bei nazo hupanda pamoja nayo. Sikukuu ya mwaka mpya, na kipindi cha mwaka mpya wa Kichina, ndizo wiki ghali kuliko zote. Ukiweza kwenda Machi, milima mingi ya juu bado ina theluji na vyumba huanza kushuka bei.

Hesabu yenyewe

Wacha tuweke namba mezani. Huu ni mfano wa kupangia, si orodha ya bei. Tumechukua mtu mmoja, usiku 8, siku 5 za kuteleza, kwenye mlima wa bei ya kati. Kiwango tulichotumia ni yeni 1.15 kwa shilingi 1. Kabla ya kupanga yako, angalia kiwango cha siku hiyo.

- Malazi, usiku 8 kwa yeni 10,000: yeni 80,000
- Tiketi ya lifti za mlimani, siku 5 kwa yeni 8,500: yeni 42,500
- Kukodisha vifaa na nguo za theluji, siku 5 kwa yeni 7,000: yeni 35,000
- Darasa la kikundi, siku 2 kwa yeni 10,000: yeni 20,000
- Chakula, siku 9 kwa yeni 4,000: yeni 36,000
- Treni na basi, kwenda na kurudi: yeni 25,000
- Dharura: yeni 24,000

Jumla ni yeni 262,500, yaani kama KSh 228,000. Ongeza tiketi ya ndege, tuseme KSh 150,000, na viza pamoja na bima, tuseme KSh 20,000. Unafika karibu KSh 398,000. Tuite laki nne.

Angalia mambo mawili kwenye hesabu hiyo. La kwanza, tiketi ya lifti. Wengi huisahau, kwa sababu ukitazama video hudhani mlima ni wa bure. Niseko, kwa mfano, tiketi ya siku moja ya milima yote imepita yeni 10,000 misimu ya karibuni. La pili, usinunue nguo za theluji hapa nyumbani kwa safari moja. Kodisha huko. Unachohitaji kununua ni nguo za ndani za joto, soksi nzito na glavu.

Sasa tazama kiwango cha ubadilishaji. Kama shilingi ikidhoofika kutoka yeni 1.15 hadi yeni 1.05, ile yeni 262,500 haigharimu tena KSh 228,000, inagharimu KSh 250,000. Elfu ishirini na mbili zimepotea na hata hujafunga begi. Ndiyo maana tunasema lipia mapema vile vitu ambavyo bei yake unaweza kuifunga, na uache nafasi ya kupumua kwenye bajeti.

Kuweka akiba bila kujiumiza

Laki nne si pesa ya kutafuta wiki mbili kabla ya safari. Ukiigawanya kwa miezi 12, ni karibu KSh 33,400 kila mwezi. Ukiigawanya kwa miezi 20, ni KSh 20,000. Kama namba ya kwanza inakutoa jasho, sogeza safari mbele. Theluji itaanguka mwaka ujao pia.

Kuna njia tatu tunazoona zikifanya kazi:

1. Akiba iliyofungwa. Weka pesa za safari kwenye akaunti tofauti ambayo huwezi kuichomoa kirahisi. Pesa zikikaa pamoja na za matumizi, zitaisha na za matumizi.
2. Makato siku ya mshahara. Panga pesa zitoke zenyewe siku ile ile mshahara unapoingia, si mwisho wa mwezi ukiangalia kilichobaki. Mwisho wa mwezi hakuna kinachobaki.
3. Chama cha safari. Watu wanne au watano wakiweka pamoja, chumba kinagawanywa na gari kutoka uwanja wa ndege linagawanywa. Lakini andikeni sheria mapema: mtu akijitoa, anarudishiwa nini? Na pesa zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji zaidi ya mmoja, si kwenye simu ya mweka hazina.

Na tuseme ukweli: usikope kwa simu ili uende likizo. Mkopo wa simu ni wa dharura ya siku chache. Ukiubeba mpaka Japani na kurudi, ada zake zitakungoja pale uwanja wa ndege pamoja na mizigo.

Viza kwanza, tiketi baadaye

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza kuingia Japani, na maombi hupitia Ubalozi wa Japani, Nairobi. Wataangalia ratiba yako siku kwa siku, mahali utakapolala, sababu za kurudi nyumbani kama vile kazi au biashara, na uwezo wako wa kifedha. Hapo kwenye uwezo wa kifedha ndipo akiba yako ya miezi mingi inakusaidia mara ya pili. Akaunti inayoonyesha pesa zikiingia mdogo mdogo kwa mwaka mzima inaeleweka kuliko laki nne zilizotua jana.

Usilipie tiketi ya ndege isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Tokyo, utabadilisha mahali kama Doha, Dubai au Addis Ababa. Weka nafasi ambayo unaweza kuighairi, pata viza, halafu lipa.

Kulipia ukiwa Kenya

Hapa ndipo simu inafanya kazi yake vizuri. Ukiunganisha akaunti yako ya pesa za simu na kadi ya mtandaoni, unaweza kulipia hoteli, tiketi za lifti na hata treni kwenye tovuti za Japani, sawa na mtu mwenye kadi ya benki. Mambo ya kuzingatia:

- Kikomo. Pesa za simu zina kikomo kwa muamala mmoja na kwa siku. Kwa sasa viwango vya juu ni KSh 250,000 kwa muamala na KSh 500,000 kwa siku. Kama unalipia kikundi kizima, gawanya malipo au yapange kwa siku tofauti.
- Sarafu ya malipo. Tovuti ikikupa chaguo la kulipa kwa yeni au kwa shilingi, chagua yeni. Tutaeleza kwa nini hapo chini.
- Masharti ya kurudishiwa. Soma tarehe ya mwisho ya kughairi kabla ya kuweka PIN. Pesa za kurudishwa kutoka nje zinaweza kuchukua siku kadhaa, na kiwango cha ubadilishaji kinaweza kuwa kimebadilika.

Halafu kuna matapeli. Safari za nje huwavutia kama nzi kwa asali. Mtu anakutumia bango tamu: Japani siku saba, kila kitu ndani, "lipa nusu leo ofa inaisha usiku." Kabla ya kutuma hata shilingi, fanya haya. Hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na iulize kama ni mwanachama wa chama cha maajenti wa usafiri, KATA. Lipa kwa nambari ya Paybill au Till yenye jina la kampuni, na usome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Kama jina ni la mtu binafsi na kampuni inaitwa kitu kingine, simama hapo hapo. Na ukishalipiwa tiketi ya ndege, chukua nambari ya bukingi uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege. Ikikosekana, ni bora ujue ukiwa bado Nairobi.

Kulipa ukiwa Japani

Sasa tuje kwenye ile sehemu ambayo simu yako haifiki. Hakuna Till huko. Japani ina mifumo yake ya kulipa kwa simu, na mingi inahitaji nambari ya simu ya Japani. Utahitaji vitu vitatu.

1. Kadi halisi ya plastiki. Kadi ya mtandaoni haiingii kwenye ATM, na baadhi ya hoteli na maduka ya kukodisha vifaa huomba kuona kadi halisi kama dhamana. Beba kadi ya benki au ya malipo ya awali yenye chipu, na uhakikishe imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi. Ikiwezekana beba mbili, na usiziweke mfuko mmoja.

2. Pesa taslimu. Wengi hushangaa kwamba Japani, nchi ya treni za kasi, bado inapenda noti. Nyumba ndogo za wageni za kifamilia, mikahawa ya kijijini na baadhi ya mabasi ya mlimani wanataka taslimu. Toa pesa mapema ukiwa mjini au uwanja wa ndege. ATM zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven na zile za posta ya Japani hukubali kadi nyingi za kigeni na zina maelezo ya Kiingereza. Kwa kuwa kila utoaji una ada, toa kiasi cha siku tatu nne kwa mpigo badala ya kidogo kidogo kila jioni.

3. Kadi ya usafiri. Suica ni kadi unayoijaza pesa na kuigusisha getini ukipanda treni za mjini. Inalipa pia kwenye maduka madogo na mashine za vinywaji. Iko moja maalum ya watalii, Welcome Suica, inayodumu siku 28. Weka pesa ya kukutosha tu, na usiitegemee kwa kila basi la mlimani.

Na sasa lile jambo la yeni au shilingi. Ukiweka kadi kwenye ATM au mashine ya dukani, inaweza kukuuliza: ulipe kwa yeni au kwa shilingi za Kenya? Shilingi inaonekana rafiki kwa sababu unaielewa. Lakini ukiichagua, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na mara nyingi anajiongezea chake. Tuseme unalipa yeni 30,000. Kwa kiwango cha yeni 1.15, hiyo ni kama KSh 26,100. Mashine ikiongeza asilimia 5, unalipa kama KSh 27,400. Shilingi 1,300 kwa kubonyeza kitufe kimoja, na hutapata chochote cha ziada. Chagua yeni, kila mara.

Jambo la mwisho la kukuokolea pesa: bakshishi si desturi Japani. Ukiacha pesa mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia nje akurudishie.

Simu yako kwenye baridi

Hii wengi hawaijui mpaka iwapate. Betri ya simu huisha upesi sana kwenye baridi kali, na simu iliyoonyesha asilimia 40 inaweza kuzimika ghafla ukiwa juu kwenye lifti. Kama tiketi ya basi, ramani na pesa zote ziko kwenye simu hiyo, umekwama. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, beba betri ya akiba nayo iwe mfuko wa ndani, na uwe na noti kadhaa mwilini.

Kabla ya kuondoka Kenya, washa huduma ya laini yako kufanya kazi nje ya nchi. Ukilipa mtandaoni, mara nyingi nambari ya uthibitisho hutumwa kwa SMS. Laini ikiwa imezimwa, au ukiwa umeitoa ukaweka ya Japani, SMS haifiki na malipo yanakataa. Suluhisho: acha laini yako ya Kenya ndani kwa ajili ya SMS, zima data yake, na utumie eSIM ya msafiri kwa intaneti. Na kama hapa nyumbani, nambari hiyo na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Kumbuka saa pia. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Ukipoteza kadi saa tatu asubuhi huko, Kenya ni saa tisa usiku. Jifunze sasa hivi jinsi ya kufunga kadi mwenyewe kupitia programu, na uandike kwenye karatasi nambari za dharura za benki yako. Plagi zao ni za pini mbili bapa, kwa hivyo nunua adapta hapa hapa kabla ya kusafiri.

Bima: usiiruke

Bima nyingi za kawaida za safari haziingizi michezo ya theluji mpaka uombe na kulipia nyongeza. Uliza maswali matatu kabla ya kulipa: inaingiza kuteleza? Inaingiza uokoaji mlimani? Na je, inanilinda nikitoka nje ya njia zilizowekwa alama? Swali la tatu mara nyingi jibu ni hapana. Hospitali za Japani ni nzuri, lakini mgeni asiye na bima hulipa mwenyewe. Na Nozawa Onsen wana sheria ya kijiji: ukivuka mipaka ya eneo la kuteleza ukahitaji kuokolewa, gharama ni juu yako. Mguu ukivunjika, tofauti kati ya bima ya shilingi elfu chache na kukosa bima ni harambee ya familia nzima.

Orodha ya wiki ya mwisho

- Kadi mbili zimefunguliwa kwa matumizi ya nje, na PIN zake unazikumbuka
- Laini ya Kenya inapokea SMS nje ya nchi
- Nakala za pasipoti, viza, bima na bukingi, kwenye simu na kwenye karatasi
- Yeni kidogo za siku ya kwanza, au mpango wa kutoa uwanja wa ndege
- Mtu mmoja nyumbani ana ratiba yako na nambari ya bima
- Pesa za kodi na za shule za mwezi huo zimeshatengwa kando

Hiyo ya mwisho ni muhimu kama zile nyingine zote. Safari nzuri ni ile ambayo ukirudi, kodi imelipwa na huna deni la mtu.

Kama safari yako ni ya msimu ujao, anza na hatua moja leo: fungua akiba ya safari, uipe jina, na uweke kiasi cha kwanza hata kama ni KSh 500. Ukiwa na swali kuhusu vikomo, kadi au malipo ya nje, tuandikie kupitia programu kabla hujasafiri. Ni rahisi kutatua ukiwa bado hapa.